Niliahidi mabati ya kanisa, mama yangu haoni

Shikamoo Mama. Mimi ni fundi seremala hapa Tegeta, nina mke na watoto wawili. Mwezi Februari, kwenye harambee ya paa la kanisa letu, nilisimama mbele ya kipaza sauti nikaahidi mabati 20, niwe nimemaliza kufikia sikukuu ya Mavuno. Nimeshalipia sita. Sasa mama yangu aliyeko Same, mwenye miaka 71, ameambiwa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na ameandikiwa aende KCMC, hospitali ya rufaa kule Moshi. Dada yangu anayekaa naye anasema juzi amejikwaa jikoni akaungua mkono. Fedha niliyo nayo ni shilingi 420,000, ndiyo hiyo ya mabati. Mke wangu anasema tukiigusa tumemwibia Mungu. Amenifungulia Mhubiri 5, pale panaposema ukimwekea Mungu nadhiri usichelewe kuiondoa. Halafu majina ya wanaodaiwa yanabandikwa kwenye ubao wa kanisa. Nifanye nini?
Baba wa wawili, Tegeta

Marahaba, mwanangu. Mpeleke mama. Mpigie dada yako sasa hivi umwambie aanze kufungasha, kisha urudi usome yaliyobaki.

Mkeo ameshika andiko la kweli, na nampenda kwa kuogopa kumdanganya Mungu. Lakini muombe afungue na Marko 7, kuanzia mstari wa 9. Bwana Yesu anazungumza na watu waliokuwa wanajua sana sheria. Mtu alikuwa anaweza kumwambia mama yake: kile ambacho ningekusaidia nacho ni Korbani, yaani nimekiweka wakfu kwa Mungu. Neno lenyewe ni ndugu wa kurubani yetu. Na viongozi wake wa dini walimwona amefanya vyema. Yesu anawaambia kwamba kwa njia hiyo wamelitangua neno la Mungu. Ona alivyochagua mfano. Angeweza kutaja jirani, au mgeni, au yatima. Alitaja baba na mama.

Wako pia wanaosema, "Hiyo ni Injili, sheria ya nadhiri iko palepale." Basi twende kwenye sheria yenyewe. Walawi 27 inapanga thamani ya nadhiri kwa shekeli, mwanamume hivi, mwanamke hivi, mtoto hivi. Mstari wa 8 unasema aliyeweka nadhiri akiwa maskini, asiweze thamani ile, asimamishwe mbele ya kuhani, naye kuhani amhesabie upya kadiri ya uwezo wake. Mlango huo uliwekwa na Mungu mwenyewe, ndani ya sheria yake. Katika miaka yangu yote kanisani sijasikia ukisomwa kwenye harambee hata moja.

Nilikuwa mhazini wa usharika miaka 19. Nimehesabu bahasha mpaka vidole vikabaki na harufu ya noti. Mwaka 1996 niliahidi mabenchi mawili. Krismasi ile nilikwenda nyumbani Machame, nikakaa na mama kanisani. Wimbo ulipoanza nikaona ameshika kitabu juu chini, na beti zote anaziimba bila kukosea. Nikamuuliza miwani iko wapi. Hakuwa na haja ya miwani, alikuwa haoni. Alikuwa ananificha kwa sababu alishasikia kuhusu mabenchi yangu, hakutaka kunivunjia ahadi. Na mimi, mwanangu, baada ya kujua, nilimalizia mabenchi kwanza. Ilichukua miezi 14.

Alipofanyiwa upasuaji akarudi nyumbani, muda mfupi tu baada ya kuruhusiwa kufanya kazi, alikusanya masufuria yote akayasugua kwa majivu siku mbili mfululizo. Akawa anauliza, "Kumbe mlikuwa mnakula kwenye vyombo hivi?" Wenzangu walicheka. Mimi nilitoka nje. Mabenchi yale yapo mpaka leo, na nikikalia moja wakati wa mahubiri huwa naihesabu ile miezi.

Kwa hiyo ahadi usiitoroke, uipeleke mbele ya kuhani kama Walawi wanavyosema. Mwandikie mchungaji barua fupi, nakala kwa mhazini: nimeahidi mabati 20, nimelipia sita, mama yangu anahitaji upasuaji, naomba nihesabiwe upya. Usiandike "nitajitahidi." Andika idadi unayoiweza kweli na mwezi. Ukiweza, nenda na mzee wa kanisa wa jumuiya yako, kwa sababu yeye anaijua nyumba yako na sauti yake inasikika kwenye kamati ya ujenzi. Na wewe ni fundi seremala! Paa halisimami kwa mabati peke yake. Kenchi zinahitaji mikono, na siku zako tatu au nne za kazi ni sadaka ambayo kamati ingeilipia fedha.

Kuhusu ubao, kubandika majina ya wadaiwa kwenye nyumba ya Mungu ni kosa, nami nililifanya. Mwaka mmoja tulibandika, na familia tatu zikaacha kuja ibadani. Mbili tulizifuata zikarudi. Moja hatukuipata tena. Jina lako likibandikwa, simama palepale usalimie watu.

Na mkeo, tafadhali, usimsomee Marko 7 kama mtu anayeshinda kesi. Msomee jioni, watoto wakishalala, kisha unyamaze. Mwachie yeye ampigie mama simu.

Sasa fedha. Kwa kawaida jicho moja hutangulia na la pili hufuata baadaye, kwa hiyo huenda usihitaji kila kitu kwa mara moja. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Dada yako aanzie kwa mtendaji wa kijiji apate barua, aende nayo kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, tena mapema, kabla ya siku ya upasuaji. Hata msamaha ukikubaliwa, nauli, chakula na pa kulala kwa anayemsindikiza vitabaki juu yako.

Ule mkono ulioungua nao uangaliwe hospitali, wasiupake dawa ya meno. Na mpaka atakapopona, mafiga yasogezwe mbali na mlango wa jikoni.