Wasomaji Wanauliza: Nyota Asiyetaka Kustaafu na Kijana Aliyeko Benchi

Katika toleo lililopita tulimzungumzia kwa ufupi kwotabeki, yule mchezaji wa futiboli ya Marekani anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua kama ataurusha, ataukabidhi kwa mwenzake au atakimbia nao mwenyewe. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi, na karibu zote zilimhusu nyota aliyezeeka uwanjani na kijana anayengoja nyuma yake. Tumechagua tano.

Swali: Ndugu Mhariri, naona wakimbiaji wengi (wale wanaokabidhiwa mpira wakimbie nao) wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, huanza kuishiwa nguvu kabla hawajafika miaka 30, ilhali Tom Brady alicheza hadi miaka 45. Je, mwili wake uliumbwa tofauti, au kazi ya kwotabeki ni nyepesi?

Jibu: Si nyepesi, ila inadai vitu vingine. Mkimbiaji hugongwa karibu kila anaposhika mpira, na riziki yake ni kasi ya miguu, ambayo humtoroka mwanadamu mapema. Kwotabeki hutegemea zaidi macho na kumbukumbu. Kabla mpira haujatoka chini, husoma walinzi wamesimama wapi, nani anajifanya kuja na nani atakuja kweli. Ukishamfika mkononi, ana kama sekunde mbili na nusu za kuuachia kabla hajaangushwa. Brady hakuwa mwepesi wa miguu hata ujanani, na New England Patriots walipomchukua mwaka 2000 alikuwa wa 199 katika uteuzi wa chipukizi, zoezi la kila mwaka ambapo klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi baada ya raundi, makwotabeki sita wakiwa wamekwisha chaguliwa mbele yake. Uzee, basi, haukukuta kasi ya kumpora. Mwaka 2021, akiwa na miaka 44 na akiichezea Tampa Bay Buccaneers, aliongoza ligi nzima kwa yadi za pasi, yaani umbali ambao pasi zake ziliisogeza timu mbele: yadi 5,316.

Sheria nazo zilimsaidia. Aliumia goti katika mchezo wa kwanza wa msimu wa 2008 na kukosa msimu wote, na kuanzia 2009 ligi ikakataza mlinzi aliyekwisha anguka chini kumrukia kwotabeki magotini. Kuhusu mlo wake na mazoezi yake ya kunyoosha misuli yameandikwa mengi, na sikatai kwamba yalimfaa, lakini mimi nayapa uzito mdogo kuliko ile tabia yake ya kuuachia mpira upesi, kwa sababu mtu asiyegongwa sana hachakai haraka.

Swali: Nimesoma kwamba mwaka 2017 Patriots walimuuza Jimmy Garoppolo, kijana mwenye kipaji, wakabaki na Brady mwenye miaka 40. Huo haukuwa wivu wa mzee? Klabu yenye busara humwachaje mrithi aondoke?

Jibu: Kwanza tusahihishe neno. Katika NFL, klabu kwa kawaida haziuziani wachezaji kwa fedha kama ilivyo katika soka. Hubadilishana mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa zamu ya kuchagua chipukizi katika uteuzi ujao. Garoppolo alikwenda San Francisco 49ers, nao Patriots wakapewa zamu yao ya raundi ya pili.

Ama kuhusu wivu, siwezi kuusoma moyo wa mtu, lakini kisa hiki kinaeleweka vizuri bila kuutaja. Watazamaji huhesabu umri wa mzee, wakati tarehe inayoisukuma klabu hadi ukutani imo katika mkataba wa kijana. Chipukizi aliyechaguliwa husaini mkataba wa miaka minne kwa mshahara ambao, kwa kipimo cha makwotabeki, ni mdogo sana. Wa raundi ya kwanza pekee ndio ambao klabu inaweza kuwaongezea mwaka wa tano kwa hiari yake. Garoppolo alichaguliwa raundi ya pili mwaka 2014, Brady akikaribia kutimiza miaka 37, na mkataba wa Garoppolo ulikuwa unaisha baada ya msimu wa 2017. Baada ya hapo angedai mshahara wa kwotabeki wa kwanza, na tangu mwaka 1994 ligi ina kikomo cha mishahara kinachozibana klabu zote sawasawa. Klabu inayowalipa makwotabeki wawili, kila mmoja mshahara wa kwotabeki wa kwanza, italazimika kupunguza walinzi au wapokeaji. Kwa hiyo mwezi Oktoba 2017 ulipofika mwisho, na dirisha la kubadilishana wachezaji likiwa linafungwa, kulikuwa na mambo mawili tu: kumwondoa mzee, au kumwachia kijana angali ana thamani sokoni.

Na mzee mwenyewe alikuwa katika hali gani? Msimu huohuo alitajwa mchezaji bora wa ligi. Sijui kocha ambaye angemweka benchi mtu kama huyo na kesho yake akaweza kuwatazama mashabiki usoni. Mwezi Februari 2018 Brady alirusha yadi 505 katika Super Bowl, fainali ya ligi, na bado akashindwa, 41 kwa 33, na Philadelphia Eagles, ambao kwotabeki wao siku ile, Nick Foles, alikuwa mchezaji wa akiba aliyeingia Desemba baada ya Carson Wentz kuumia goti. Mwaka uliofuata Brady alitwaa taji akiwa na Patriots, kisha akatwaa jingine na Tampa Bay akiwa na miaka 43. Garoppolo naye aliifikisha San Francisco kwenye Super Bowl ya msimu wa 2019 na kushindwa na Kansas City Chiefs, 31 kwa 20. Ikiwa Patriots walikosea, basi walikosea mwaka 2014, walipodhani kwamba Brady atakuwa amekwisha kufikia mwaka 2018, na kwa kweli mtu yeyote angedhani hivyo.

Linganisha na Green Bay Packers, ambao wamelipitia jambo hili mara mbili. Mwaka 2005 walimchagua Aaron Rodgers akiwa wa 24, ingawa Brett Favre alikuwapo, mtu ambaye hatimaye alianza michezo 297 mfululizo ya msimu wa kawaida bila kukosa hata mmoja. Rodgers alingoja miaka mitatu. Machi 2008 Favre alitangaza kustaafu huku akilia, kisha kiangazi akabadili nia, lakini klabu ilikwisha kata shauri, ikampeleka New York Jets. Rodgers akaleta taji la Super Bowl Februari 2011. Mwaka 2020 zamu ikamgeukia yeye: klabu ilimchagua Jordan Love akiwa wa 26, na Rodgers akajibu kwa kutajwa mchezaji bora wa ligi msimu ule na uliofuata. Love naye akangoja miaka mitatu. Aprili 2023, uamuzi juu ya mwaka wa tano wa Love ukiwa unabisha hodi, Rodgers alipelekwa kwa Jets walewale, akakatika kano ya kisigino katika shambulizi lake la nne. Love, katika msimu wake wa kwanza uwanjani, aliifikisha klabu kwenye mchujo, yaani hatua ya mtoano baada ya msimu wa kawaida, na kuwafunga Dallas Cowboys 48 kwa 32. Miaka mitatu mara mbili si bahati nasibu. Ni hesabu ya mkataba.

Walioipuuza hesabu hiyo ni Denver Broncos. Walimchagua Brock Osweiler mwaka 2012, mwaka uleule walipompata Peyton Manning aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa shingo. Manning alivunja rekodi mwaka 2013 kwa pasi 55 za tachidauni, yaani zinazofunga alama kwa mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani, lakini mwaka 2015 alikuwa na 9 tu, huku pasi 17 zikinaswa na wapinzani. Katikati ya msimu huo aliwekwa kando, Osweiler akaanza michezo saba, kisha mzee akarudishwa na kutwaa Super Bowl ya 50 akiwa na miaka 39. Machi 2016 Manning alistaafu, na mwezi huohuo Osweiler, mkataba wake ukiwa umeisha, akahamia Houston Texans. Klabu ilimlea miaka minne, na siku ya kumhitaji kijana hakuwapo.

Swali: Je, nyota analazimika kumfundisha mrithi wake?

Jibu: Halazimiki; kazi hiyo analipwa kocha. Wengine hufundisha kwa moyo, wengine hufunga midomo, na kijana mwerevu hujifunza kwa kutazama tu.

Swali: Huyu mchezaji wa akiba hufanya nini wiki nzima, ikiwa kila mtu anajua hatacheza?

Jibu: Hujifanya mtu mwingine. Mazoezini, kwotabeki wa kwanza huchukua karibu zamu zote pamoja na kikosi cha kwanza, naye wa akiba huongoza kikundi kinachoigiza wapinzani wa Jumapili. Kocha msaidizi huinua kadi kubwa iliyochorwa mistari, kijana huitazama kwa sekunde chache, kisha hurusha mpira kama ambavyo angeurusha mtu wa klabu nyingine, ili walinzi wa klabu yake wazoee. Siku ya mchezo husimama kando amevaa kapelo, mkononi ana tableti yenye picha za walinzi walivyojipanga, akimsaidia mwenzake kuona alichokosa. Kocha anaposema na kwotabeki aliyemo uwanjani kupitia kispika kidogo cha ndani ya helmeti, sauti hukatika zikibaki sekunde 15 katika saa inayohesabu muda wa kuanza kila shambulizi, na kuanzia hapo mwenye helmeti huamua peke yake. Hilo ndilo wa akiba asiloweza kulifanyia mazoezi. Matt Cassel, aliyeingia Brady alipoumia mwaka 2008, hakuwa ameanza mchezo wowote kama kwotabeki tangu shule ya sekondari, kwa kuwa hata chuoni alikuwa benchi; klabu ilimaliza msimu kwa ushindi 11 na vipigo 5, na bado haikuingia kwenye mchujo.

Swali: Imewahi kutokea kinyume chake, mzee akawa ndiye wa akiba?

Jibu: Imetokea, na ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote hivi. George Blanda wa Oakland Raiders alikuwa na miaka 43 mwaka 1970, kwotabeki wa akiba nyuma ya Daryle Lamonica na wakati huohuo mpigaji wa mpira kwa mguu, anayetafuta pointi kwa kuupitisha mpira kati ya milingoti ya goli. Lamonica alipoumia dhidi ya Pittsburgh Steelers, Blanda aliingia na kurusha pasi tatu za tachidauni. Wiki iliyofuata alipata sare dhidi ya Kansas City kwa teke la yadi 48 katika sekunde za mwisho, na wiki iliyofuata tena akawafunga Cleveland Browns kwa teke la yadi 52. Majuma mengine mawili akaendelea hivyohivyo, kwa pasi dhidi ya Denver na kwa teke dhidi ya San Diego. Alistaafu akiwa na miaka 48, baada ya misimu 26.