Jibu: Kwa nini galamsey haikomi Ghana?

Ndugu, umeuliza kwa nini galamsey, yaani uchimbaji mdogo wa dhahabu usio na leseni, hauishi Ghana wakati wanajeshi wanatumwa kila mara. Mimi naona tatizo linaanzia kwenye ardhi. Uchimbaji mdogo ulihalalishwa 1989, na sheria ya 2006 inautengea raia peke yao, lakini maeneo mengi mazuri yameshikwa na makampuni. Kijana anaitwa mvamizi kwao alikozaliwa! Tazama Obuasi, mgodi ulioanza 1897, sasa uko chini ya kampuni ya AngloGold Ashanti, haohao wa Geita. Uzalishaji uliposimama mwishoni mwa 2014, maelfu walikosa ajira, na wachimbaji wakaingia eneo la mgodi.

Kinachoniumiza zaidi ni mito inavyochafuliwa. Zamani ilikuwa sururu na karai, siku hizi ni makatapila, mengi yakiwa ya wenye fedha wasioshika hata koleo. Mchimbaji anachanganya mchanga na zebaki kwa mkono mtupu, anakamua kwa kitambaa, kisha anachoma kile kidonge cha kijivu cha dhahabu na zebaki huku moshi wote ukimwingia puani. Mwaka 2024 mtambo wa maji wa Sekyere Hemang, kwenye mto Pra, ulikuwa unapokea maji yenye tope la NTU 14,000 (NTU ni kipimo cha tope kwenye maji), ilhali uliundwa kuhimili 2,000. Watu wa Cape Coast wakakaukiwa mabomba.

Wenye makatapila ndio wafuatwe kwanza. Wa sururu apewe eneo, leseni, na chombo cha kuchomea kinachonasa moshi wa zebaki.