Foili inachanika watoto wakichora mioyo ya mapambo ya Meksiko
Pole mwalimu, foili ya jikoni ni nyembamba mno, darasa zima wakikandamiza kalamu lazima ichanike, hata mimi yalinikuta. Kata moyo wa kadibodi, bandika uzi na gundi kufuata mchoro, acha ukauke kabisa, ndo ufunike na foili wakisugua taratibu kwa kidole mpaka mistari itokeze. Rangi tumia maka peni, rangi ya maji haishiki inajikusanya matone tu. Waambie pia kule Oaxaca, jimbo la Meksiko, sanaa hii wanaita hojalata, ni bati halisi linakatwa na kugongwa kwa mkono, halafu rangi kali. Ila makopo ya soda usiwape wadogo, kingo zake wembe, mimi nshakimbiza mtoto zahanati akashonwa nyuzi 3, mkato ukiwa mrefu usihangaike na plasta.