Akina mama hawakukaa kulia tu

Kaka, umeandika kwamba vitani mwanamke kazi yake ni kukimbia na watoto, amani wanaipatanisha wenye bunduki. Hapana, siyo hivyo.

Chukua Liberia, 2003. Akina mama Wakristo na Waislamu, wakiongozwa na Leymah Gbowee, walivaa fulana nyeupe na kukaa chini karibu na soko la samaki Monrovia, juani na mvuani, siku baada ya siku. Mazungumzo ya amani yalipokwama Ghana, wakaenda huko huko, wakakaa kwenye korido mlangoni pa ukumbi na kushikana mikono ili wajumbe wasitoke. Mkataba ukasainiwa Agosti 18 mwaka ule ule. Wale walikuwa akina mama wa kawaida, kaka!

Na ulinzi pia. Hapa Manzese napanga nyumba moja na mama aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Kuni zilikuwa porini, na huko porini ndiko wanawake walikobakwa. Basi wao wenyewe wakapanga kwenda kumi kumi, wasichana katikati, kila mmoja na filimbi shingoni. Ile filimbi bado anayo, kaifunga kwenye funguo za chumba.

Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitishwa mwaka 2000 likitaka wanawake wawepo kwenye meza ya mazungumzo ya amani. Mezani, siyo jikoni kuwapikia wajumbe. Wenye vikao wengi bado hawalitekelezi, na hilo linaniuma sana.