Mnaoulizia cheti cha ubalozi wa mtandao

Shikamoo Mwalimu. Namaliza shahada ya kompyuta mwaka huu. Niongeze cheti gani ili niwe mwanadiplomasia wa mtandao? – Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba. Mwanadiplomasia wa mtandao ni yule anayeiwakilisha nchi yake mataifa yanapojadili usalama na kanuni za mtandao. Cheti, cheti, cheti. Swali hili linanifikia kutoka kila kona, na sijaona hata mmoja aliyeuliza wenye kazi yao walitokea wapi. Haya, tazama. Chris Painter, aliyesimamia masuala ya mtandao katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani tangu 2011, alikuwa mwendesha mashtaka. Kesi ya mdukuzi Kevin Mitnick ilipita mikononi mwake. Nathaniel Fick, balozi wa kwanza wa nchi hiyo wa masuala hayo mwaka 2022, chuoni alisoma maandishi ya kale ya Wagiriki na Warumi, akaenda jeshini akapigana Afghanistan na Iraq, ndipo akaja kuongoza kampuni ya usalama wa kompyuta. Jovan Kurbalija, mwasisi wa DiploFoundation inayofundisha wanadiplomasia, ni mtu wa sheria za kimataifa.

Usivunjike moyo lakini. Dk. Katherine Getao wa Kenya ni mtu wa kompyuta hasa: alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kuingia serikalini, na akaiwakilisha nchi yake kwenye kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 2015, Kenya ikiwemo, kundi hilo lilikubaliana kanuni 11 za mwenendo wa mataifa mtandaoni, mojawapo ikiyataka yasihujumu miundombinu ambayo wananchi wanaitegemea. Sasa kanuni kama hiyo aiandike nani? Anayejua umeme unavyozimwa kwa kompyuta, au anayejua tofauti ya "inapaswa" na "ni lazima" ndani ya rasimu? Wote wawili, na ukiweza kuwa wote wawili, umeula. Kwa hiyo badala ya cheti cha tano, soma sheria za kimataifa, na ujizoeze kuandika muhtasari wa ukurasa mmoja ambao katibu mkuu ataumaliza akiwa garini.

Mimi ni wakili, sijui kuandika programu hata mstari mmoja. Nitaweza? – Mombasa

Utaweza. Ila ujue seva ni nini kabla hujaijengea hoja.

Diplomasia ya mtandao si ndiyo ile ya mabalozi kuposti X? – Mwanza

Hiyo ni uenezi. Nilishajibu, tena zaidi ya mara moja.

Kuna watu wanatoza dola kwa cheti cha "Balozi wa Mtandao". Nikilipa nitatambuliwa? – Kisumu

Na nani? Balozi huteuliwa na Rais, hanunuliwi kwa kadi ya benki. Hela yako nunulia bando, upakue ripoti za Umoja wa Mataifa. Zipo bure na hakuna anayezisoma.

Mbona nchi zetu hazisikiki kwenye vikao vya Umoja wa Mataifa vya mtandao? – Arusha

Ndugu yangu, hapa umetonesha kidonda. Kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa cha usalama wa mtandao, kilichomaliza kazi 2025, kiliongozwa na Balozi Burhan Gafoor wa Singapore tangu 2021, mwenyekiti yule yule. Mjumbe anayekalia kiti kimoja miaka yote hiyo anajua nani alikataa neno gani, na kwa nini. Sisi? Kikao hiki anakwenda mtu wa mawasiliano, kijacho polisi, cha tatu yeyote ambaye zamu yake ya posho imefika, na ripoti ya safari inalala kwenye faili. Mkataba wa Malabo, wa usalama wa mtandao na ulinzi wa data binafsi, wa kwetu wenyewe Waafrika, ulipitishwa 2014 ukaanza kutumika Juni 2023. Miaka tisa kuzipata nchi 15 za kuuridhia. Usiniambie hapo walikosekana wahandisi.

Ni kweli wanadiplomasia hao wakishaiva wanakimbilia kampuni? – Zanzibar

Wapo. Mwaka 2017 Denmark ilimteua mwanadiplomasia wake Casper Klynge kuwa balozi wa teknolojia, kituo chake Silicon Valley, azungumze na makampuni makubwa kwa niaba ya serikali. 2020 akahamia Microsoft. Sisemi alivunja sheria. Ila mimi ningeweka miaka miwili ya kukaa pembeni kwanza, na sheria hiyo ningeianzia kwa wadhibiti wa simu.

Mwalimu, waweza kunifanyia mpango wizarani? – Ameomba jina lihifadhiwe

Siwezi. Jina nimelihifadhi.