Siyo risiva: ncha ya bawa ndiyo iliyoiangusha F-5 yako

Pole sana kwa ndege, ndugu yangu. Umeeleza kwamba F-5 yako, ile ndege ya mfano ya rimoti iliyoigwa kutoka jeti ya kivita ya Marekani, yenye feni ya milimita 70, iliruka bila shida Mombasa, ukahamia Nairobi, ukaiwekea betri kubwa ili ikae hewani muda mrefu, na siku ya pili, kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua, ikajibinua kushoto, ikazunguka mara moja na nusu na kuchimba ardhi kwa pua. Unasema ulisukuma kijiti kulia na ndege haikusikia, ndiyo maana umeagiza risiva mpya, kile kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti. Mimi naamini ilikusikia vizuri, na kule kusikia ndiko kulikoimaliza.

Tuanze na hesabu. Umesema uzito ulitoka kilo 1.4 ukafika 1.7, na bawa lina desimita 14 za mraba. Kwa bawa kama hilo, Mombasa, na betri ndogo, ndege ikienda sawasawa, nakadiria stoli, yaani pale bawa linaposhindwa kuibeba ndege, ilikuwa kwenye kilomita 48 kwa saa. Betri kubwa peke yake inaipandisha hadi 53, kwa sababu mwendo wa stoli unapanda kwa kipeuo cha pili cha uzito. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, ongeza kama asilimia 9: karibu 58. Ukailaza kwenye kona ya nyuzi 45 huku ukiishikilia isishuke, bawa linabeba mzigo mara 1.4, na mwendo wa stoli unapanda asilimia 19 nyingine. Umefika karibu 69. Kwa macho yako ndege ilikuwa inakimbia kuliko ilivyokuwa ikitua Mombasa, na bado ilikuwa imeshachelewa.

Lakini hesabu hiyo inaeleza kwa nini ilistoli tu. Haielezi kwa nini ilijibinua badala ya kuinamisha pua kistaarabu, na hapo ndipo umbo la bawa linapoingia.

Pima bawa lako. Shinani, pale linapoungana na mwili, lina kama sentimita 30 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Nchani lina 7. Bawa linalochongoka namna hiyo linakipa kile kipande chembamba cha nje mzigo mkubwa kuliko upana wake unavyostahili. Tena hewa haikupunguzwa ukubwa pamoja na ndege yetu: kwenye sentimita 7 na mwendo mdogo, hewa inaachana na mgongo wa bawa mapema sana. F-5E halisi nayo ina bawa dogo, mita za mraba 17 na kidogo, lakini ina flapu, vipande vinavyoinama, kwenye ukingo wa mbele ambazo zinashushwa kumsaidia rubani pembe kati ya bawa na hewa ikiwa kubwa. Ile yetu ya povu gumu haina kitu hapo, na viwanda vingine hufanya ukingo uwe mkali kama kisu ili ufanane na picha. Naipenda sana ndege hii, nimekulia Nanyuki zikipita juu ya vichwa vyetu, lakini mfano wake mdogo hauna huruma.

Yangu ilinifanyia hivyohivyo, mara mbili. Baada ya ya pili nilikata nyuzi za sufu, kila moja sentimita 4, nikazibandika kwa selotepu mistari mitano juu ya bawa la kushoto, kuanzia shinani hadi nchani. Kamera ndogo nikaifunga mkiani ikitazama mbele. Nikapanda juu sana, nikapunguza moto, yaani nguvu ya mota, nikawa navuta eleveta, kile kibao cha mkiani kinachoinua pua, polepole. Nilipoitazama video nyumbani, niliirudia hadi betri ya simu ikaisha. Nyuzi zote zimelala nyuma, zimetulia. Kisha ule wa nje kabisa, mbele kidogo ya eleroni, kile kibao cha ukingo wa nyuma kinacholaza ndege, unaanza kutetemeka. Unanyanyuka. Unageuka na kuelekea mbele, kana kwamba upepo unatoka nyuma ya ndege. Nyuzi za shinani bado zimelala kimya. Bawa linaanza kushuka, na mimi, kwa mazoea, nasukuma kijiti kulia. Eleroni ya kushoto inateremka, na papo hapo mstari wa pili na wa tatu kutoka nje nayo inageuka. Bawa likaenda.

Eleroni inayoteremka inaongeza pembe ambayo ncha inakutana na hewa. Ncha ikiwa tayari imestoli, unaizamisha zaidi. Jiro, kile kifaa kinachoiweka ndege sawa chenyewe, inafanya kosa hilohilo, haraka kuliko mkono wako na bila kukuambia, kwa hiyo anayekushauri uongeze jiro anakuficha dalili tu.

Baada ya hapo ndiyo spini, ndege kushuka ikizunguka. Bawa linaloshuka linakutana na hewa kwa pembe kubwa zaidi, linapoteza unyanyuaji na kuongeza ukinzani, linavuta pua upande wake, na mzunguko unajilisha wenyewe kama pia ya watoto. Ndege zetu za jeti zina ubaya wa ziada: betri iko mbele kabisa, feni na mota nyuma, mabawa mafupi. Uzito uliotandazwa kwenye mwili mrefu, ukizungushwa, unataka kulala bapa. Wala huna propela ya mbele inayopuliza hewa kwenye mkia, kwa hiyo ukiongeza moto usukani, kile kibao cha wima cha mkiani, haupati nguvu papo hapo. Dawa ukiwa juu ni kuzima moto, eleroni katikati, usukani wote upande wa pili, kisha kusukuma eleveta mbele. Ukiwa mita 15 kutoka ardhini hakuna dawa.

Mabawa mengine yana tabia zake. Lililorudi nyuma kama la MiG-15, jeti ya kivita ya Kisovieti, linasukuma hewa iliyochoka kuelekea nchani, na kwa kuwa ncha ziko nyuma ya kitovu cha uzito, zikistoli pua inapanda badala ya kushuka. Ndiyo maana MiG-15 ina vile vikuta viwili juu ya kila bawa. Ukijenga mfano wake usiviache ukidhani ni mapambo. Delta, bawa la pembetatu kama la Mirage ya Ufaransa, ni mpole zaidi: hewa inajisokota juu ya ukingo wa mbele, ndege inabaki imeinua pua na kuzama kama lifti, ila inakula moto mwingi.

Sasa bawa jipya. Kabla ya kulibandika, lisokote ili ukingo wa mbele wa nchani uinamie chini kama nyuzi (digrii) 2 kuliko wa shinani. Kwa povu gumu ni maji ya moto na subira. Kama umeshabandika, inua eleroni zote mbili milimita 2 au 3 kwa rimoti, ni msaada wa karibu sawa. Ukingo wa mbele wa theluthi ya nje uongezee mviringo ulioinama chini kidogo. NASA, shirika la anga la Marekani, kwenye kituo chao cha Langley, walijaribu wazo la jamii hiyo miaka ya 1970 na 1980 kwa ndege ndogo za kawaida, wakitumia pia mifano ya rimoti, na ncha ziliendelea kunyanyua baada ya shina kustoli. Kisha bandika kijiti cha pembetatu, urefu sentimita 6, kwenye ukingo wa mbele shinani, ili shina lichoke kwanza. Mimi nilianza na hicho kijiti kwa sababu kinang'oka kikikosea. Rudisha betri ndogo, sogeza kitovu cha uzito mbele milimita 5, na punguza mwendo wa eleveta hadi usiweze kuvuta kupita stoli.

Na tafadhali, watoto wasisimame upande wa kona ya mwisho. Ndege ya kilo 1.7 ikija kwa pua haichagui.

Siku ya kwanza usije kutua moja kwa moja. Panda hadi mita 100 hivi, moto chini, mabawa sawa, vuta eleveta taratibu, mkono mbali na eleroni. Yangu baada ya marekebisho inatikisika shinani, inainamisha pua, inaokota mwendo, basi. Yako ikiangusha bawa hata kidogo, itue kwa kasi, bila kona kali, kisha rudi kwenye kule kusokota ncha kwa nyuzi 2.