Maswali ya Wasomaji: Kuhamisha Folda au Kuinakili?

SWALI: Mimi ni katibu katika ofisi ya mawakili hapa Upper Hill. Kesi ikimalizika, folda ya mteja huondolewa katika "Kesi Zinazoendelea" na kupelekwa "Kesi Zilizofungwa" ndani ya mfumo wetu wa kusimamia stakabadhi, ambao ni SharePoint. Mwenzangu huinakili folda kwanza, huhakikisha kwamba nakala imefika, kisha huifuta ile ya awali, na anashikilia kuwa hiyo ndiyo njia salama. Mimi huihamisha moja kwa moja. Wiki iliyopita wakili mmoja alitafuta rasimu za mwanzo za mkataba katika folda aliyoishughulikia mwenzangu, akapata toleo la mwisho pekee. Ni nani kati yetu anayefanya ipasavyo?

JIBU: Wewe, ingawa tahadhari ya mwenzako inaeleweka. Mtu aliyezoea kubeba faili kwa flashi hujifunza mapema kutofuta cha kwanza kabla ya kukiona cha pili, na kwa flashi tabia hiyo ni nzuri. Katika mfumo wa stakabadhi, hata hivyo, kile unachokiona kwenye skrini kama faili moja kimefungamana na mambo mengi yasiyoonekana: namba yake ya utambulisho, matoleo yake yote tangu rasimu ya kwanza, jina la aliyeitunga na tarehe, taarifa za mteja na aina ya kesi, pamoja na kumbukumbu ya waliowahi kuigusa. Unapoihamisha folda, mfumo hubadilisha mahali pake na kuyaacha mengi ya mambo hayo yalivyo. Unapoinakili, mfumo huunda stakabadhi mpya zinazofanana na zile za kwanza kwa maandishi, lakini zenye historia inayoanza siku hiyo.

Waliowahi kufanya kazi katika masijala za serikali watalitambua jambo hili bila maelezo mengi. Jalada lilipotoka ofisi moja kwenda nyingine, lilikwenda na namba yake na karatasi zake zote, na kadi ilionyesha limetoka kwa nani na liko kwa nani. Karani aliyepiga chapa upya barua ya juu na kulichoma jalada lenyewe asingesifiwa kwa uangalifu.

Katika SharePoint, amri ya kuhamisha huchukua historia ya matoleo, ilhali amri ya kunakili huchukua toleo la mwisho tu. Hapo ndipo rasimu za wakili wako zilipopotelea. Habari njema ni kwamba, katika SharePoint ya mtandaoni, kilichofutwa hukaa katika pipa la takataka kwa siku 93 kabla ya kutoweka kabisa. Mwombeni msimamizi wa mfumo airudishe folda ya awali leo, kisha muiondoe ile nakala baada ya kuhakikisha kwamba hakuna aliyeandika chochote kipya ndani yake.

Kwa ofisi ya mawakili suala hili lina uzito zaidi, kwa sababu kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinahusu rekodi za kielektroniki zinazowasilishwa mahakamani na cheti kinachoeleza jinsi rekodi hiyo ilivyotolewa. Stakabadhi ambayo mfumo unadai iliundwa Jumanne iliyopita na katibu, ilhali mkataba wenyewe ulitiwa saini miaka kadhaa nyuma, inampa wakili wa upande wa pili maswali ambayo hakuna haja ya kumpa.

Hata kuhamisha kuna mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza ni ruhusa. Folda ikiingia mahali papya, mara nyingi hufuata ruhusa za hapo, kwa hiyo ikiwa "Kesi Zilizofungwa" inaonekana na wafanyakazi wote, hata wanagenzi, siri za mteja zitakuwa wazi kwao mara tu folda itakapotua. Wenye seva ya Windows ofisini wajue kwamba huko mambo huenda kinyume: folda iliyohamishwa ndani ya diski ileile huweza kuendelea na ruhusa zake za zamani, na ikivuka kwenda diski nyingine, Windows huinakili na kuifuta ya kwanza, kisha ruhusa zikawa za mahali papya. Pili ni viungo. Kiungo kilichojengwa juu ya namba ya stakabadhi huendelea kufunguka, lakini kilichojengwa juu ya njia ya folda, yaani mfululizo wa majina ya folda hadi kwenye faili, huweza kukatika, na mteja aliyetumiwa kiungo hicho kwa barua pepe hatajua mmekipeleka wapi.

SWALI: Nikihamisha folda kubwa, kazi hukwama katikati na baadhi ya faili hubaki nyuma. Je, ni intaneti ya ofisi yetu ya Industrial Area?

JIBU: Yawezekana, ikiwa unaziburuta faili kupitia kompyuta yako, kwani hapo kila faili inaweza kulazimika kushuka kwako na kupanda tena. Tumia amri ya kuhamisha iliyo ndani ya mfumo wenyewe, ili kazi ifanyike kwenye seva. Zikiendelea kubaki, tazama kama kuna mtu aliyeifungua au kuishikilia faili hiyo, au kama imewekewa zuio la kisheria, yaani kizuizi cha kuilinda isiondolewe wala kubadilishwa. Kisha pima urefu wa majina. Folda ndani ya folda ndani ya folda, kila moja ikiwa na jina refu kama kichwa cha hotuba, hufikia kikomo upesi: Windows kwa kawaida hukubali njia ya herufi 260, na SharePoint ya mtandaoni 400. Fupisha majina kabla ya kuhamisha, na ufanye kazi hiyo baada ya saa za ofisi.

SWALI: Shirika letu lina kitengo cha uhasibu na cha ununuzi, na vyote viwili vinahitaji folda ya ankara. Tumeinakili ili kila kitengo kiwe na yake. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Ankara itasahihishwa upande mmoja tu, na mkaguzi wa hesabu atakutana na mbili zisizolingana. Aidha, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, mtu binafsi anayewauzia huduma anaweza, katika mazingira yaliyowekwa na sheria, kudai taarifa zake zisahihishwe au zifutwe, nanyi mtalazimika kuzisaka nakala zote. Acheni folda moja chini ya uhasibu, wapeni ununuzi ruhusa ya kuisoma, na muweke njia ya mkato katika eneo lao. Google Drive na SharePoint zote zinaruhusu hilo.

Kunakili kunafaa pale mnapotaka kitu kipya kweli. Folda ya kiolezo yenye fomu tupu na folda ndogo za mkataba, barua na malipo, inayonakiliwa kila mnapompata muuzaji mpya, ni mfano mzuri. Ifungeni ile ya awali kwa ruhusa ya kusoma tu, la sivyo mtu ataijaza yenyewe, na muuzaji atakayefuata ataanza na ankara za mwingine.